Ukurasa wa 112: Wasifu wa Mzee Gundi, Fundi wa Kujalidi Vitabu

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gundi kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yake. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Inasemekana mama yake alimaliza kwanza pindo la suruali ya mteja, ndipo akaita mkunga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Darasa la nne alichapwa kwa kumtazama jirani yake badala ya kutazama kitabu. Alijitetea, "Nilitaka kuona anacheka wapi." Mwalimu hakumwelewa. Hata sisi wajukuu tulichukua muda.

Mwaka 1970 aliajiriwa maktaba, chumba cha kukarabati vitabu, chenye dirisha moja na meza mbili, akafanya kazi humo miaka arobaini na moja. Humo ndimo alimokutana na riwaya ambayo wahusika wake ni vyombo vya jikoni: Mwiko anawaahidi vyungu kuwaokoa na moto, wanamshangilia, kisha yeye ndiye anayeamua nani akae mekoni. Kurasa mia moja na kumi na moja ni kicheko kitupu. Ukurasa wa 112 sufuria ndogo haionekani, na hakuna anayeuliza iko wapi. Hapo msomaji anashtuka kwamba muda wote alikuwa akicheka pamoja na Mwiko.

Marehemu alinunua nakala yake, akaijalidi kwa kitambaa cha kijani, akawa anaiazimisha kwa sharti moja: uisomee pale pale, kwenye benchi la sebuleni kwake. Yeye alitazama nyuso na kuandika kwenye daftari. "Muuza mkaa: uk. 112, ameshika shingo." "Kinyozi: ameacha kucheka, ameangalia mlango."

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa Bibi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Bibi alimpenda sana. Kitabu kile alikionea wivu kuliko ambavyo angemwonea mke mwenza, na aliapa hatakisoma.

Mwaka 1988 alikuja kusoma jirani yao, mwalimu wa hesabu, mama mwenye shingo ndefu. Alipofika ukurasa wa 112 alilia. Wakati wa chakula Marehemu akasema, "Analia vizuri yule mama. Chozi moja tu, la jicho la kushoto."

Bibi akaweka kijiko chini. "Na mimi, baba watoto, hulia kwa jicho lipi?"

Marehemu akafikiri. Akafikiri tena. Hakujua.

Kesho yake, mumewe akiwa kazini, Bibi alichukua brashi ya gundi akabandika ukurasa wa 112 na wa 113 zikawa kitu kimoja. Wasomaji waliofuata walicheka wakaenda zao. Fundi viatu alirudisha kitabu akisema, "Kinachekesha, mzee, ila mwishoni wote wamenuna, sijui nani kafa." Bibi alifurahi wiki moja. Kisha akaanza kusubiri aulizwe. Hakuulizwa. Baada ya miaka miwili benchi likatolewa sebuleni bila maelezo, na bado hakuulizwa. Lililomtafuna si hofu ya kugombezwa. Ni kwamba huenda mume anayesoma nyuso za mtaa mzima hajawahi kuuona uso wa mkewe.

Oktoba 2021 Marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Macho yalipochoka, tarehe 6 Juni 2023, alimwomba Bibi amsomee kile kitabu. Bibi alisoma kwa kununa, akajikuta anacheka, akafika 111. Akazigusa kurasa mbili zilizofuata.

"Zimegandana," alisema.

"Najua. Gundi yako ilikuwa na mabonge. Mimi nimeacha bonge lini?"

"Ulijua tangu lini?"

"Jioni ile ile."

"Ukawaacha watu wacheke bure?"

"Nilikuwa na msomaji mmoja wa kumtazama. Lete daftari."

Mstari wa mwisho ulikuwa wa 1988: "Mke wangu. Hajasoma. Uk. 112: wivu. Hulia kwa macho yote mawili, jikoni, akidhani bomba la maji linamficha. Nimechungulia."

Walizibandua kurasa kwa mvuke wa birika, taratibu, kama alivyoelekeza. Bibi alisoma 112 kwa sauti, Marehemu akimtazama kwa karibu sana. Uso wake mwenyewe ulikuwaje, Bibi amekataa kutuambia. "Hilo ni letu," anasema.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, saa sita mchana, nyumbani, Bibi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wawili. Mwalimu wa hesabu yuko nasi. Bibi mwenyewe amemwonyesha kiti, safu ya pili. Kitabu cha kijani hakiazimwi tena.

Babu alitutazama maisha yake yote. Leo tumtazame sisi, kisha tumwache apumzike kwa amani.