Sauti ya Papa Haikutoka Mexico

Nawasalimu kwa jina la Yesu, wazazi, mapasta, wanakwaya, na nyinyi vijana wa viti vya nyuma ambao mmeshaanza kucheka kabla sijasema kitu. Najua. Kila nikishika hii mikrofoni mnangoja niige mtu. Leo siigi mtu. Pasta, pumua.

Majina sitaji. Mama yangu ameketi pale mbele na amesema nisimtazame nikiongea, kwa hiyo nitaangalia spika.

Papa, baba yangu, mnamjua. Alikuwa na meza ya kutengeneza simu kule Greyville, hapa mjini, na nusu ya simu zilizo mifukoni mwenu zimepita mikononi mwake. Mara ya pili watu walipokuja kuwaambia wageni wafunge na warudi kwao, waliivunja ile meza, wakabeba mpaka bisibisi. Papa hakupiga kelele. Alisema tu, "Hapa nimechoka kuwa mgeni. Acha niende kuwa mgeni pengine." Akapanda ndege mpaka Brazili, halafu mabasi, halafu miguu, ule msitu wa Panama ambao wengine wenu mna ndugu walioupita. Akafika Mexico, kusini kabisa, mji unaitwa Tapachula. Alikuwa anatafuta Amerika.

Kutoka kule alituma sauti kwa WhatsApp. Kila moja ilianza vilevile: anakohoa mara mbili, kisha, "Allô, allô, mnanisikia?" kama vile tungeweza kumjibu papo hapo. Siku moja sauti zikakoma. Wiki ya kwanza tukasema ni chaji. Ya pili tukasema ni network. Ya tatu tukaanza kusikiliza upya zile za zamani.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuona mtu mzima akizimika hivyo. Mama aliacha kwenda saluni kusuka wateja. Mteja alimpigia analia, "Maman, kichwa yangu iko nusu!" Mama akakata. Alikaa kitandani, simu mapajani. Alipiga namba za watu wa kule wasiojua Kiswahili wala Kifaransa, anataja jina la papa polepole, silabi kwa silabi, mpaka wanakata wao.

Mimi kazi yangu nyumbani ni kuchekesha. Nikajaribu. Nikamwiga Pasta (pardon, Pasta). Nikaiga jirani na mbwa wake. Nikaiga robot ya pale kwenye kona, ile taa ya barabarani inayokaa nyekundu mpaka madereva wanazeeka. Hakucheka. Na mwaka huu sauti yangu imevunjika, mmeisikia, imeanguka chini kabisa mpaka kwenye sauti ya papa. Basi siku moja baada ya shule nikaingia bafuni, nikafungua bomba kidogo isikike kama mvua, nikajirekodi. Nikakohoa mara mbili.

"Allô, allô, mnanisikia? Niko salama. Simu waliiba, hii ni ya rafiki. Nimepata kazi jikoni. Msinitafute kwa watu, mtaniletea shida na polisi. Nitapiga mimi. Mama watoto, nakukumbuka."

Nikampelekea. "Mama, imeingia kwangu."

Alisikiliza mara moja. Akasimama. Akaoga. Siwafichi, nilifurahi. Nilijiona daktari.

Jumapili yake mnaikumbuka. Mama alisimama hapahapa na kitenge kipya, akamshukuru Mungu. Mkapiga vigelegele. Kwaya iliimba mpaka mpiga ngoma akavunja kijiti. Nyumbani akapika sombe, majani yetu ya muhogo, ya kutosha watu wote. Mama mmoja, yumo humu ndani, akanikumbatia: "Mwanangu, umeona Mungu alivyo mkubwa?" Nikamjibu, "Nimeona, Mama," mdomo umejaa.

Na kwa kuwa papa alisema asitafutwe, mama aliacha kumtafuta. Wiki sita.

Sasa, shuleni mwalimu wa historia alitutaka kila mmoja achague nchi na aizungumzie mbele ya darasa. Nikachukua Mexico. Mnanijua, niliandaa vichekesho. Nikawaambia habari za rais wao mmoja wa zamani aliyekatwa mguu vitani, akauzika kwa heshima za kijeshi, na watu walipomchoka wakaufukua mguu wakauburuta barabarani. Darasa lilianguka. Nikawaambia jinsi jirani yao Amerika alivyowapiga vita akachukua karibu nusu ya nchi, watu wakalala Wamexico wakaamka wageni, na kitandani hawajatoka. Mpaka leo Wamexico wanafukuzwa kule, halafu Amerika hiyohiyo inaibana Mexico iwazuie kule kusini watu kama papa.

Rafiki yangu akapaza sauti, "Kumbe baba yako ni kwerekwere wa makwerekwere!"

Kwerekwere ni lile tusi wanalotuitia sisi wageni, na nilicheka kuliko wote.

Ikabaki picha ya mwisho. Akina mama wamevaa kofia za jua, wameshika makoleo, na kwenye fulana zao kuna nyuso za watoto wao. Maneno ya chini nilikuwa nimeyanakili tu jana yake bila kuyasoma, kama tunavyofanya wote, msijifanye. Nikaanza kuyasoma kwa sauti. Kwamba Mexico watu wengi wamechukuliwa na magenge na hawajulikani walipo. Kwamba mama zao wanaenda kuchimba wenyewe. Kwamba wapo wanaowapigia mama hao simu na habari za uongo, mtoto wako mzima, usihangaike, na mama anayeamini anarudi nyumbani kungoja.

Nikairudia sentensi ya mwisho. Mwalimu akasema, "Endelea." Darasa likafikiri ni kichekesho kingine, likazidi kucheka. Nikatoka nje.

Nilimkuta mama anapiga pasi.

"Mama, ile sauti ni mimi."

"Sauti gani?"

"Ya papa."

Akacheka. "Weye! Acha michezo yako, bana. Lete ile shati."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliona nimejifanya mtu wa namna gani. Nasema kweli na mama yangu mzazi anangoja sehemu ya kuchekesha. Nikarudia. Akacheka tena, kidogo. Ikabidi nifanye. Nikakohoa mara mbili. "Allô, allô, mnanisikia?"

Pasi aliiacha juu ya shati mpaka tukasikia harufu.

"Na ile ya kusema ananikumbuka?"

"Na hiyo ni mimi, Mama."

Hakunipiga. Ningependa anipige. Alizima pasi, akachukua simu yake, akaanza tena kutoka namba ya kwanza.

Kuna dada mmoja Mkenya, anasoma chuo, anaishi Morningside, anajua Kihispania. Aliketi na mama siku tatu, akaandikia kila nyumba inayopokea wasafiri kule. Siku ya nne sista mmoja, mtawa wa nyumba mojawapo, akajibu. Alimtambua kwa picha. Akasema ndiyo, alilala hapa, alikuwa akitengenezea wenzake simu mlangoni, na yeye mwenyewe simu hana. Kisha papa akaondoka na kikundi kuelekea kaskazini. Lini? Mwezi mmoja uliopita.

Yaani tulipokuwa tunakula sombe, papa alikuwa bado mle. Simu moja tu ingempata.

Tangu hapo hakuna aliyemwona. Sista anauliza bado, dada anaandika bado. Najua ushuhuda unatakiwa umalizike mtu akiingia kwa mlango. Wangu haujamalizika hivyo. Miezi miwili nilikaa bila kuongea, shuleni sikwenda, na nilifikiria mambo ambayo sitayasema mbele ya watoto. Kilichonitoa ni kwamba mama aliingia chumbani kwangu na bahasha ya picha za papa za kugawa, akasema, "Amka, mimi peke yangu sizimalizi." Basi niliamka. Ushindi wangu ni huo, mdogo hivyo.

Namshukuru dada. Nawashukuru akina mama wa maombi waliokuja nyumbani bila maneno mengi. Namshukuru mwalimu aliyenipokea tena darasani. Namshukuru Pasta, aliyekataa kuwaambia kwa niaba yangu. Mama, wewe sina la kukuambia.

Ile shukrani mliyoitoa siku ile, nisameheni. Mlimsifu Mungu kwa kazi ya bafuni kwetu. Na kwenu vijana, neno langu ni hili tu: mtu wako akiwa gizani na wewe hujui kitu, keti naye, useme hujui. Inauma, lakini haimpotezei njia.

Picha za papa ziko mlangoni, mama amesimama nazo. Kila mwenye ndugu njia ile achukue, amtumie. Na mtu akisema amemwona, msiniambie mimi. Mwambieni mama, naye aulize mwenyewe.