Aliyeligonga Handaki Kila Asubuhi

Tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu wa handaki, tuliyezoea kumwita Sikio, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Alikuwa bado na miaka miwili ya utumishi. Sababu nitaieleza.

Handaki letu lilichongwa kwenye mwamba kwa patasi na baruti, kabla babu zetu hawajazaliwa. Ndani hakuna saruji, ni jiwe tupu. Kila siku kabla ya treni ya kwanza, Sikio alilipita kwa miguu, mita mia nane, akigonga kwa nyundo na kusikiliza. Jiwe zima hulia vizuri. Lililoachana na mwamba hutoa sauti ya mkebe mtupu. Mkewe anasema hakuna tikiti maji lililowahi kuingia jikoni mwake bila kuhojiwa kwanza.

Mwaka wake wa kumi na moja, baada ya mvua ya wiki nzima, aligonga dari, hakupenda alichosikia. Akapiga simu treni isimamishwe. Mkuu wa stesheni akafoka: “Abiria mia nne wasubiri kwa sababu jiwe limekujibu vibaya?”

“Ndiyo, mzee. Nimeshika bendera nyekundu, naenda kusimama katikati ya reli. Sitoki.”

Treni ikasimama. Abiria wakamtukana kupitia madirishani. Dakika arobaini baadaye dari ikaporomoka, mawe makubwa kama makabati. Mkuu yule wa stesheni ni mimi ninayeandika haya. Sikuwahi kumwomba radhi ipasavyo. Naomba leo, mbele yenu nyote.

Mwezi Machi mwaka huu Sikio alirudi ofisini, akakaa mpaka chai yake ikapoa. “Leo fundi mwenzangu amesikia jiwe bovu,” akasema. “Mimi sikusikia kitu.” Hakuna aliyejua, angeweza kunyamaza. Mchana ule ule akaandika barua ya kuondoka. Tangu hapo fundi huyo, mama wa watoto watatu aliyemfundisha mwenyewe, ndiye anayegonga. Sikio humfuata na taa, kimya mpaka aulizwe, jambo ambalo kwake si dogo.

Jumamosi yeye na shemeji watapanda treni ya saa mbili asubuhi kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Miaka yote hii hajawahi kulipita handaki akiwa ameketi. Tumewawekea viti vya dirishani.

Kaka, asante kwa kila asubuhi. Kapumzike, ushibe usingizi, umbebe mjukuu mpaka mikono ichoke.