Mashine ya Fundi Waya Imejaa Nini?

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa Kinyozi, likatazamana na kibanda cha Fundi Waya, na kati yake na kibanda ndipo Bi Birika anapouza kahawa, anakopesha sikio na kurudisha maneno. Kijiweni hapo hakuna swali linalokosa jibu; likikosa, linaundiwa papo hapo. Sasa Jumapili hiyo asubuhi, Fundi Waya alitokea kona amekumbatia kompyuta ya nyumbani kwake, lile boksi lenyewe, bila kioo wala nyaya, akaliweka katikati ya benchi. Wenzake wakasogea kulipisha kama wanampisha mgonjwa. Na lilikuwa jambo zito hilo, usilione hivi hivi. Waya ndiye anayefufua redio zilizokwisha kususiwa, na feni zilizogeuka viota vya buibui. Leo fundi mzima ameleta kifaa chake kijiweni kuomba ushauri! Aibu ilimtambaa mgongoni, lakini afanyeje, maji yalikuwa yamemfika shingoni.

— Inaumwa nini? aliuliza Kinyozi, kitana kikiwa bado sikioni.

— Kumbukumbu imepungua. Nikifungua kitu kimoja, sawa. Cha pili, inavuta miguu. Cha tatu inaganda, halafu inaniandikia: "Kumbukumbu imepungua. Funga programu usije ukapoteza kazi yako."

— Imepungua au imejaa?

— Imepungua kwa sababu imejaa.

— Ebo! Kitu kikijaa kinapunguaje? Sufuria ikijaa, imejaa.

— Nafasi ndiyo imepungua, bwana.

— Si umesema kumbukumbu?

Waya alipotoka nyumbani alikuwa anaelewa. Sasa hata yeye alianza kupotea.

— Lakini haraka ya nini? alisema Profesa. Huyu hakuwahi kufundisha popote. Alikuwa mtunza stoo mpaka akastaafu, na jina alipewa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". 

— Mashine ikienda polepole iache, aliendelea. Haraka haraka haina baraka. Yako basi ina baraka tele.

— Profesa, leo saa tisa binti yangu anapiga simu ya picha! Na Jumapili iliyopita iliganda katikati ya maneno yake.

Wote walimjua binti, muuguzi aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo. Kila Jumapili alipiga, na wazazi wake wakakaa mbele ya kioo bega kwa bega wakigombania kuonekana.

— Alisema hivi, Waya aliendelea, na sauti ikamshuka. "Baba, Mama, nina habari. Nime..." Basi. Kinywa wazi, jicho moja limefumbwa. Mpaka leo sijui.

— Nime nini? aliuliza Bi Birika, birika likining'inia mkononi.

— Ningejua ningekuwa hapa?

Wiki nzima Waya alikuwa analala na nusu ya neno. Alilimalizia huku na huku: nimepandishwa cheo, nimeumwa, nimerudi. Simu yake ndogo ya tochi haikuwa na namba ya binti; namba zote za watoto ziko kwenye simu ya mkewe. Na hapo kwa mkewe ndipo mawazo yake yalipokuwa yakifika na kugeuza njia.

— Ameolewa, alitoa hukumu Kinyozi. Sauti ilikuwaje?

— Ya kawaida.

— Basi ameolewa. Angekuwa hajaolewa angefurahi.

— Hapana, alisema Profesa. Tazama neno lenyewe. Nime! Jambo limeshatendeka hilo, halina marekebisho. Maji yakimwagika hayazoleki. Hapo amefukuzwa kazi.

— Amekata nywele, alisema Kinyozi, akibadili mawazo kwa maslahi ya kazi.

— Jamani, mashine! alilia Waya. Niambieni ya mashine!

Kinyozi akaweka sikio kwenye boksi, ingawa lilikuwa limezimwa na halina umeme.

— Ikiwaka inavuma?

— Inavuma sana. Kile kifeni cha ndani kinalia utadhani kinapaa.

— Basi haijajaa. Debe tupu haliachi kuvuma. Iko tupu!

— Inasema imejaa.

— Inakudanganya. Au imejaa, lakini imejaa utupu.

Profesa akatikisa kichwa kwa huruma, ile huruma yake inayoudhi.

— Kinyozi, rudi kwenye vichwa vya watu. Waya, sikiliza. Humo ndani kuna orodha ya majina. Yapitie moja moja. Jina usilolijua ni la mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Nimpe jembe programu?

— Mfute! Kakaribishwa na nani?

Waya akainamia kikombe chake. Kumbe dawa hiyo alikwisha kuinywa.

— Nilifuta mmoja jana, alisema kwa sauti ndogo. Jina refu, lenye namba mwishoni. Nikasema huyu simjui.

— Safi! Ikapungua?

— Haikupungua. Ila tangu hapo haitoi sauti.

Bi Birika akaliweka birika mkaani.

— Yaani hata binti akipiga leo, alisema Bi Birika taratibu, utamwona lakini hutamsikia?

— Nitamwona mpaka igande.

— Maskini. Afadhali ya wiki iliyopita, ulipata nusu ya neno.

Waya alisikia moyo unamshuka mpaka kwenye ndala. Naye Profesa, kama kawaida ya wenye dawa, alikuwa amegeuka kuangalia barabarani.

Hapo akaingia Dalali, mtafutia watu nyumba za kupanga, anayetembea na funguo za nyumba zisizo zake. Akaelezwa habari kwa vinywa vitatu kwa pamoja, mashine, binti, sauti na mgeni aliyefutwa, akaielewa yote vibaya.

— Hili wala si gumu, alisema, akijibana kwenye benchi. Kumbukumbu ni vyumba. Una vyumba vinne, una wapangaji kumi na mmoja. Kila unachofungua ni mpangaji anaingia na kitanda chake. Wewe huwa unawatoa?

— Kuwatoa vipi?

— Ukimaliza kutazama mpira, unaufunga?

— Naushusha chini.

— Ahaa! Umemwambia mpangaji ajifiche chini ya kitanda, halafu unashangaa chumba hakipatikani!

Kusema kweli, hapo Dalali alikuwa amegusa. Angeishia hapo angekuwa amemsaidia mtu. Lakini Dalali akiona watu wamenyamaza kumsikiliza, huwa hawezi kushuka.

— Na si hilo tu. Mashine hizi zinasikia. Kila neno linalosemwa nyumbani linaingia humo, linakaa. Nyumba yenye makelele, mashine inajaa upesi. Sema kweli, Waya, nyumbani kwako wiki hii kuna kelele?

— Kimya, alisema Waya. Kimya kabisa.

— Basi ni kimya ndicho kimejaa. Kimya ni kizito kuliko maneno, uliza mtu yeyote. Igeuzeni kichwa chini tuikung'ute.

Wakaigeuza! Kinyozi upande huu, Dalali upande ule, wakaikung'uta kama gunia la unga. Likadondoka vumbi, mende mkavu, na pini ya nywele. Pini ile Waya aliiwahi kabla haijafika chini, akaitia mfukoni haraka, wenzake wakijifanya hawakuiona. Ilikuwa ya mkewe.

Tuseme tu ukweli. Waya aliwaambia watu wa kijiwe kwamba mkewe amekwenda kumuuguza dada yake, anaumwa mgongo. Sivyo. Jumapili ile binti alipoganda kinywa wazi, mama alisema, "Si nilikwambia ufunge hivyo vitu vyako? Kila siku nakwambia." Alisema bila ukali. Lakini jirani alikuwa amekaa pale, na Waya, fundi wa mtaa mzima, akasikia ameumbuliwa. Akajibu kwa kishindo, "Kwani fundi ni nani humu ndani?" Mkewe alimtazama kidogo. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mkoba, akaenda kwa dada yake, mtaa wa pili tu. Na tangu siku hiyo Waya hakuwa amepita njia ile, hata kwenda sokoni alizunguka.

— Haikutoka kumbukumbu yoyote, aliripoti Kinyozi, akichungulia chini ya benchi.

— Imeganda humo, alisema Dalali. Ipashwe moto.

— Inyolewe, alisema Kinyozi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zikizidi, unapunguza kuanzia kisogoni. Kisogo cha hii ni wapi?

— Mnaichosha! Profesa alifoka. Itoeni nje ya mji ipumzike!

— Mimi nasema, alisema Bi Birika, huyo mgeni aliyefutwa ndiye alikuwa mwenye nyumba.

Wakaanza kusema wote kwa mpigo. Waya akageuza macho huku, akageuza kule, hajui tena kama mashine imejaa au imepungua, inasikia au haisikii, na kama kinachotafutwa ni sauti ya binti au kisogo cha boksi. Jua lilikuwa linapanda. Saa tisa ilikuwa inakuja, haina habari na mtu.

Mwisho wa benchi, upande wa tofali, alikuwa amekaa mwanamke mmoja mfua nguo, amepakata pasi iliyofungwa kitambaa. Si mwenyeji wa mtaa. Alikuwa amekuja kutengenezewa pasi, akaambiwa subiri kidogo, na ile kidogo ilikuwa imemalizika zamani. Alinyoosha mkono kama yuko darasani.

— Samahanini, mimi mgeni. Nilitaka kuuliza tu. Huyo mama yake binti anasemaje?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akakitazama kikombe chake. Dalali akahesabu funguo zake. Bi Birika akainamia mkaa akaupuliza, na mkaa ulikuwa unawaka vizuri tu.

— Naye si alikuwepo? mfua nguo aliendelea, akiona labda hakueleweka. Na namba ya binti si atakuwa nayo? Au nimekosea kuuliza?

— Hukukosea, alisema Waya.

Aliyasema hayo akijishangaa. Kila jioni, kabla ya kulala, mkewe alikuwa anakaa kwenye kiti kile cha plastiki mbele ya kompyuta, anabofya, anabofya, kisha kioo kinakuwa cheusi na feni inanyamaza. Waya alikuwa anasikia akiwa kitandani na redio yake kifuani. Siku zote alidhani anacheza. Kumbe alikuwa anafunga vilivyoachwa wazi na mwenzake, kimoja baada ya kingine, asubuhi mashine iamke nyepesi. Miaka yote hiyo hakuwahi kunyanyuka akaangalia.

— Sijamuuliza, alisema. Hayuko nyumbani. Dada yake haumwi mgongo.

— Tunajua, alisema Bi Birika. Dada yake anapita hapa kila alfajiri, hujafungua kibanda, na ndoo kichwani, amenyooka kama mlingoti.

— Mlijua? Wote?

— Tulikuwa tunakustahi, alisema Kinyozi, akikwaruza shingo. Mambo ya ndani ya mtu.

— Mmekung'uta mashine yangu kichwa chini, mnanistahi!

— Hiyo ndiyo tuliyoweza, bwana.

Waya akacheka, kicheko kikamkatikia njiani, macho yakamjaa machozi. Hakuyaficha.

— Nyumba haikaliki, jamani. Namtaka arudi. Hata binti asiponiambia kitu, namtaka mama yake arudi.

Hakuna aliyemtupia methali. Bi Birika akachukua kikombe cha Waya, akamimina, yakatoka matone matatu na machicha. Birika lilikuwa limekwisha.

Waya akasimama. Akainama, akalikumbatia boksi, akalipangusa vumbi kwa kifua cha shati lake. Alipofika kona hakukata kushoto kwenda kwake. Alisimama kidogo, akapapasa mfuko wenye pini, akakata kulia, ile njia aliyokuwa anaizunguka.

— Wee Waya! Kinyozi alipaza sauti. Unaipeleka wapi?

— Kwa fundi! akajibu, bila kugeuka.

Wakamtazama mpaka akapotea. Profesa alikuwa anaanza kueleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa anaelekea huko huko, mfua nguo alipofungua kitambaa chake, akaiweka pasi katikati ya benchi, pale mashine ilipokuwa.

— Sasa hii, alisema, ataitengeneza nani?

Hakuna aliyejua.