Kanuni ya Saba ya Mzee Dakika

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wanachama wa drafti mlioketi safu za nyuma, familia imempa binti kitinda mimba wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya baba yake, naye amezihakiki tarehe zote kwenye vyeti na madaftari, mara mbili, kwa kuwa marehemu alisamehe mengi lakini si tarehe iliyokosewa.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, kisha sekondari kwa miaka miwili tu, kwa sababu baba yake alianguka kutoka juu ya paa na nyumba ikahitaji mkono mwingine wa kutafuta riziki. Tarehe 3 Januari 1966 alianza kujifunza ufundi wa saa, na tarehe 1 Julai 1970 akafungua kibanda chake kati ya duka la dawa na studio ya picha, chenye dirisha la upana wa mita moja na nusu, akikaa nyuma yake na kioo cha kukuzia jichoni kwa miaka hamsini kasoro siku moja. Alipomwambia mteja aje saa nne na dakika kumi, hakumfungulia saa nne na dakika tisa, na ndiyo sababu mji mzima ulimwita Dakika, hata benki.

Alifunga ndoa tarehe 19 Oktoba 1974 na mama yetu, mshonaji, aliyefika kibandani na saa ya ukutani, na aliporudi kuichukua bila risiti alirudishwa nyumbani mvua ikinyesha, mara mbili, ingawa fundi alimjua yeye, aliijua saa, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameshampenda. Mama husema siku ile alionyeshwa wazi anaolewa na nani, akaolewa hivyo hivyo. Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1976, 1979, 1983 na 1995, na wote wako hapa.

Jumamosi, tarehe 5 Mei 1984, marehemu na rafiki yake wa utotoni, aliyesimama naye siku ya harusi, mpanga barua mnayemjua wote kwa jina la Posta, walianzisha chama cha drafti katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli, meza nne, viti vinane, na kwenye ukuta kipande cha kadibodi chenye kanuni ishirini na moja kwa mwandiko wa marehemu, aliyekuwa katibu tangu siku hiyo. Kanuni ya saba ilisema, kete ikiguswa imechezwa.

Sehemu inayofuata msomaji aliiacha katika nakala ya kwanza, na Mama akaomba ibaki imeachwa, lakini marehemu aliisikiliza nakala ile akiwa kitandani, akauliza iko wapi tarehe 8 Agosti 2009, na akaagiza isomwe mbele ya watu kama ilivyokuwa.

Siku hiyo ilikuwa fainali, Posta na marehemu, na mkono wa Posta ulikuwa umeanza kutetemeka mwaka mmoja kabla, baada ya kupooza na kupona nusu. Kidole chake kiligonga kete ambayo hakuikusudia. Marehemu alisema, "Umegusa," Posta akajibu, "Nilitaka ile ya pembeni, mwenzangu, kidole kimekwenda chenyewe," na mwenyekiti, mwalimu wa hesabu, akaingilia kati, "Katibu, hebu tumwangalie mtu, tuache kidole." Marehemu alinyoosha mkono kuelekea kadibodi, akasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. "Na msumeno una mtu anayeushika," alisema mwalimu, lakini Posta alikuwa ameshaisogeza kete ile, akaliwa tatu kwa mruko mmoja, akakirudisha kiti chake chini ya meza, akasema, "Umeshinda, Dakika," akaondoka, na hakurudi. Kikombe cha ushindi kilikaa juu ya kabati la sebuleni, na marehemu, aliyefuta vumbi kila kitu mpaka vishikizo vya milango, hicho hakukigusa.

Novemba 2019 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, Februari 2020 madaktari wakathibitisha ni ugonjwa usio na tiba, ila una dawa za kuutuliza, na tarehe 30 Juni 2020 alifunga kibanda, akamrudishia kila mteja saa yake, kwa risiti. Chamani alipoteza michezo kumi na minne kwa kugusa kete asiyoitaka, wapinzani wakijifanya hawakuona, naye akijishtaki mwenyewe, na mwalimu alipopendekeza kanuni ilegezwe kwa ajili yake alikataa, "Mlitaka kumhurumia Posta nikawazuia, leo mnihurumie mimi kwa uso gani?"

Jumapili, tarehe 22 Januari 2023, baada ya miaka kumi na mitatu, miezi mitano na siku kumi na nne, alimwomba kitinda mimba wake ampeleke kwa Posta. Alikuwa ameandika maneno ya kuomba radhi, ila mlangoni mikono ilishindwa kuikunjua karatasi. Posta aliitazama ile mikono, akainua ya kwake inayotetemeka vilevile, akasema, "Karibu chamani, Dakika."

Walileta ubao, kete zikamwagika sakafuni mara tatu, ndipo Posta, aliyepanga barua kwa namba za masanduku miaka thelathini, akaomba penseli, akaagiza vyumba vyeusi viandikwe namba, moja hadi thelathini na mbili, ili kila mmoja ataje na binti huyu anayewasomea asogeze, na kanuni ya saba isivunjwe, maana hakuna aliyegusa. Marehemu akasema, "Hata siku ile tungeweza." Posta akamjibu, "Tungeweza. Ila hukuuliza."

Walicheza hivyo kila Jumapili, mpaka marehemu alipolazwa tarehe 29 Januari 2024 kwa homa ya mapafu. Alhamisi, tarehe 8 Februari, kwenye wodi, kwa sauti iliyobidi binti ainame ili aisikie, alitaja kumi na nane kwenda ishirini na mbili, binti akasogeza, na Posta akaomba muda wa kufikiri. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani waliotuletea maji na viti bila kuombwa, mafundi saa wenzake, na wanachama waliokutana jana wakaongeza kanuni ya ishirini na mbili, kwamba kabla ya kumhukumu mchezaji aulizwe kwanza anaweza kucheza vipi.

Ubao uko mezani nyumbani kama ulivyoachwa, na Posta ameomba usipanguliwe.

Baba, umeshacheza, zamu si yako tena. Pumzika kwa amani.