Mama Stempu, Aliyefungua Kabati la Vitabu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Stempu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948, nyumba ya tatu kutoka hapa tulipokusanyika, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama alikuwa akisema kwamba huyu alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno, na sisi wengine tukamwachia kazi hiyo.

Alianza shule mwaka 1956, katika shule hii hii ya kijiji, akamaliza darasa la nane mwaka 1963. Siku hizo kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wanne. Watatu walibanana upande mmoja wa meza. Yeye, kwa udogo wa umbo, alisukumwa upande wa pili. Hivyo alijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini miguu juu. Mwalimu aligundua siku alipompa kitabu kikiwa wima, naye akakigeuza kwanza.

Baada ya mafunzo ya posta, aliajiriwa kuwa karani mjini tarehe 2 Januari 1967. Kaunta yake ilikuwa ya pili kutoka mlangoni, kando ya mizani ya vifurushi. Ujuzi wa utotoni ulimfaa, maana alisoma anwani kabla mteja hajaigeuza bahasha. Barua ambayo mwenyewe hajapatikana ilimnyima raha. Aliulizia sokoni, akauliza madereva, hata akatoka saa ya chakula kuipeleka kwa miguu.

Huko kazini alikutana na shemeji yetu, dereva wa gari la posta, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alimshushia magunia ya barua bila kuongeza neno juu ya salamu. Hatimaye alimwandikia barua ya uchumba, akaitumbukiza sandukuni kama mteja yeyote, ila kwa kiherehere cha moyo akaandika jina tu juu ya bahasha. Kesho yake ilimrudia ikiwa imepigwa muhuri: "Anwani haijakamilika." Akaandika upya. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1971, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji alitutangulia mwaka 1999.

Dada alistaafu mwishoni mwa 2003, akarudi kijijini. Wiki ya kwanza tu alikwenda shuleni kusalimia. Ofisini kwa mwalimu mkuu aliona kabati la chuma lenye kufuli, na ndani yake vitabu sitini na viwili, kurasa bado zimegandana. Akauliza watoto huvisoma lini. Mwalimu mkuu, mtu mwema na mwangalifu, alieleza kwamba watoto wangeviharibu, na mkaguzi akija ataonyeshwa nini?

"Mwalimu," dada alimwambia, "mimi nimekaa posta miaka thelathini na saba. Barua iliyofungiwa kabatini haijafika, hata iwe safi namna gani."

Hawakuelewana siku hiyo, wala mwaka ule. Dada hakununa. Alianza kuandika barua kwa makarani wenzake wa zamani, kwa wachapishaji, kwa kila aliyewahi kusoma shule hii. Vitabu vikaanza kuja, vikajaa chumba chake hadi yeye akahamia kulala sebuleni. Wazazi wa wanafunzi walipoviona walikubali kufyatua matofali ya kujengea maktaba, na msingi ulichimbwa Julai 2006. Fundi mwashi, binamu yetu, aliweka madirisha madogo kama ya ghala kwa kuhofia wezi. Dada akasimama katikati ya chumba, akampa kitabu, akamwomba amsomee ukurasa mmoja. Fundi akajikuta anasogea mlangoni ili aone. Jioni ile alianza kubomoa ukuta ili apanue madirisha. Maktaba ilifunguliwa tarehe 9 Mei 2009.

Mwaka huohuo, binti wa muuza mboga hakuonekana shuleni kwa wiki tatu. Kitabu alichoazima kilikuwa kimetumbukia kwenye pipa la maji, na mama yake, kwa kuogopa lawama, akamzuia nyumbani. Mwalimu mkuu alisema haya ndiyo aliyoyahofia. Dada alitembea kilomita sita hadi kwao, akakuta kitabu kimeanikwa kambani pamoja na nguo, kimevimba kama mto wa kulalia. Aliketi, akaomba maji, akauliza walikuwa wamefika ukurasa gani. Muuza mboga akakiri kwamba mtoto alikuwa akimsomea yeye, na hawajajua mwisho wake.

"Basi mrudishe mtoto shuleni," dada alisema, "na wewe uje uchukue kingine. Hiki nitakishona."

Yule mama akawa mtu mzima wa kwanza kuandikishwa. Muhula ulipoisha, mwalimu mkuu alivibeba vile vitabu sitini na viwili mikononi mwake, safari nne, kutoka ofisini hadi maktaba. Dada alivipokea akavipiga muhuri, wala hakumkumbusha lolote.

Novemba 2018 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa ya tabu. Akajizoeza kupiga muhuri kwa mkono wa kushoto, ukawa unakwenda upande. Mwaka 2021 figo zilidhoofika, akalazwa mara tatu. Mwalimu mkuu, naye sasa mstaafu, alimsomea kila Alhamisi kando ya kitanda. Akiruka aya, dada aligonga ubao wa kitanda kwa kidole. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 3 Februari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Kitabu kilikuwa kimebakiza kurasa mbili. Mwalimu alizisoma hadi mwisho, kisha akamwita muuguzi.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia vitabu kumi na tisa vilivyo majumbani mwenu, ambavyo muda wake wa kurudishwa umepita. Aliagiza msifuatwe. Mmalize kwanza.

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.