Mwalimu Fasta, Aliyefundisha Kiingereza kwa Miguu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka ambamo vitambaa vilipata nafasi kubwa kuliko watoto. Alimaliza sekondari mwaka 1974 na chuo cha ualimu mwaka 1976. Shuleni hakuvuma kwa alama, alivuma kwa maswali.

Januari 1977 aliajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na ni katika shule hiyo hiyo alipostaafu mwaka 2016. Kila mwaka alifika kwenye neno "fast", na kila mwaka wanafunzi walilibandika mkia wa "-ly" lisiouhitaji, kwa kuwa neno hilo halibadiliki, uwe unamsifu mtu au mwendo wake. Kueleza kulimchosha, tena sana. Akaamua miguu ieleze: mmoja atembee haraka huku akitaja kwa Kiingereza anachofanya, na wenzake waseme yeye ni mtembeaji wa namna gani. Mwaka 1989 alilitoa darasa zima likazunguka jengo. Mwalimu mkuu, alipowaona wakikatiza dirishani kwake, akadhani shule inaungua. Akagonga kengele, shule nzima ikamiminika uwanjani.

"Moto uko wapi?" aliuliza, pumzi juu juu.

"Hakuna moto, Mkuu. Ni kipindi cha Kiingereza."

Tangu siku hiyo marehemu akawa Mwalimu Fasta, hata kwa wanawe.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na fundi redio aliyeitwa kutengeneza kipaza sauti cha shule, naye akaivuta kazi ya siku moja ikawa ya wiki mbili. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Machi 2022 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya kauli na nguvu za upande wa kulia. Mumewe hakukubali. Kila asubuhi alimkalisha na kumfundisha kama mkewe alivyofundisha: shika kikombe, sema kikombe, funga kifungo, sema kifungo. Maneno yalirudi moja moja, mengine yakagoma. Miezi ilikwenda, wote wawili wakaishiwa nguvu.

"Baba, muache leo," binti mkubwa alimsihi.

"Nikimuacha leo, kesho atanyamaza kabisa."

Alichoogopa ni kubaki katika nyumba na mke asiyemwita. Hofu hiyo ilimkondesha kuliko ugonjwa ulivyomkondesha mgonjwa.

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024 alikuja na kikombe kama kawaida. Marehemu hakukitazama. Alimtazama mumewe, akasema polepole, lakini sentensi nzima, ya kwanza tangu augue:

"Baba watoto, nimechoka."

Mzee alikiweka kikombe chini, akamfunika shuka vizuri. "Haya, mke wangu. Leo hatusomi."

Alifariki mchana wa siku hiyo, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake anayewasomea haya, na wanafunzi ambao hatuwezi kumaliza kuwataja. Mumewe ameomba hotuba ziwe fupi. Mwenzake amechoka, tumwache apumzike.