Wiki tatu za baruti ya Bodil

Benchi letu liko mbele ya duka la ushirika, upande usiopigwa na upepo wa bahari, na hapa Jutland magharibi, Denmark, upande huo ni kama mtaa wa matajiri. Kuanzia saa tatu asubuhi tunakuwapo watatu. Holger tunamwita Profesa, kwa kuwa alifundisha jiografia miaka thelathini na hajaacha. Mogens tunamwita Kapteni kwa sababu alifanya kazi kwenye meli, ingawa alikuwa jikoni akimenya viazi. Mimi ni Posta, niliyegawa barua hapa hadi magoti yakakataa. Kahawa iko kwenye chupa, mikate ya jibini kwenye mfuko, na maoni hayana kipimo.

Jumatatu moja ya Aprili, Bodil alipita akisukuma pikipiki. Kabla ya kustaafu alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Ile pikipiki ni ya marehemu mumewe, kuukuu, ya kabureta na kiki ya mguu, na Bodil alipata leseni akiwa na miaka sitini na moja ili aweze kuiendesha. Kila Alhamisi huenda kilomita arobaini kumwona dada yake, Karen, aliyelazwa kwenye nyumba ya wazee na ambaye akili yake inamtoka kidogo kidogo. Basi la huko lilifutwa zamani.

Alitueleza kwamba asubuhi hiyo, kila alipopiga kiki, pikipiki ililipuka kama bunduki. Mara ya nne mlipuko ulitoka na moto, ukamuunguza kipande cha suruali. Ikishapata joto inatulia, lakini alikuwa ameogopa kuendelea na safari.

Hakutuuliza kitu. Alikuwa anapumzika tu. Lakini penye wazee watatu na kahawa, hata jiwe lingepewa ushauri.

Profesa alisema ni petroli. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi inavuta maji, maji yameingia kwenye tangi.

— Wahenga wamesema maji ya moto hayachomi nyumba, akasema. Sasa haya ni maji ya baridi. Ndiyo yanayochoma.

Hakuna aliyeelewa, lakini alikuwa amesema kwa sauti ya darasani, na Bodil akaenda kumwaga tangi zima. Akajaza petroli mpya. Alhamisi iliyofuata tukasikia mlipuko kutoka nyumbani kwake, kisha wa pili, kisha kimya. Hakwenda.

Wiki ya pili zamu ikawa ya Kapteni. Yeye alisema tatizo ni plagi, na kama si plagi basi ni kaskazini. Mlango wa banda la Bodil unatazama kaskazini, na kaskazini kuna sumaku, na sumaku inavuta cheche kabla ya wakati wake. Haraka haraka haina baraka, akamalizia, hata kwa cheche. Bodil aliagiza plagi kutoka mji wa Aalborg, ikafika Ijumaa, siku moja baada ya kuhitajika. Pikipiki pia aliigeuza, ikatazama kusini. Ikalipuka ikiwa inatazama kusini.

Sitajitoa mimi. Wiki ya tatu nilimwambia asivute choki, kile kizibo cha hewa, kwa kuwa choki inaizamisha injini kwa mafuta. Niliisikia wapi habari hiyo? Kwa mtu niliyempelekea barua mwaka wa tisini na kitu. Profesa akaongeza kwamba injini ilizoea uzito wa marehemu, mtu wa kilo mia, na sasa inamkosa. Aweke gunia la viazi kwenye kiti cha nyuma. Mwanamke huyo akaweka gunia la viazi. Bila choki mlipuko ulikuwa mkubwa zaidi, na kiazi kimoja kilionekana barabarani.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya tatu.

Jumanne iliyofuata alikuja mtu mgeni, Ragnhild, mpishi mpya wa shule, ametoka Norway. Alikuwa ametoka dukani na hamira mkononi, akasimama kutusikiliza. Bodil alikuwapo, ameegemeza pikipiki ukutani. Kapteni alikuwa anaeleza kwamba pistoni nazo huota ndoto mbaya wakati wa baridi. Ragnhild alimwacha amalize sentensi.

— Mlipuko unatokea wapi? akauliza. Mbele kwenye kabureta, au nyuma kwenye ekzosi?

Profesa akamtazama Kapteni. Kapteni akanitazama mimi. Mimi nikatazama mkate. Kwa wiki tatu hakuna aliyeinuka kutembea hatua mia mbili hadi kwenye lile banda.

— Mbele, akasema Bodil. Kwenye kabureta. Moto unatoka hapo.

— Mbona hukusema? akauliza Kapteni.

— Hakuna aliyeniuliza.

Ragnhild alisema basi injini inakunywa hewa nyingi kuliko mafuta. Alimwambia Bodil avute choki yote na apige kiki. Ililipuka mara mbili, ikawaka kwa kukohoa. Kisha akaomba dukani chupa ya kunyunyizia maua, akarusha maji kidogo kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Maji yalipogusa chini ya mpira, mlio wa injini ukabadilika, kama mtu aliyezibwa pua. Wakazima, wakafungua. Mpira ulikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha. Kwenye baridi ulikakamaa na kuachama. Ukipata joto ulilainika na kujifunga.

Walifunga ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na vibano viwili, hadi mpira mpya ufike. Wakasubiri ipoe. Bodil akavuta choki, akapiga kiki mara moja, mara mbili. Ikawaka bila kulipuka. Hakupiga kelele wala kutucheka. Alifuta mikono tu.

Alhamisi aliondoka saa tatu na nusu. Ragnhild alipita akielekea kazini, akaona magari matatu yameegeshwa kando ya benchi, akauliza ni ya nani.

— Yetu, nikasema.

— Na wiki hizo tatu yalikuwa mabovu?

Langu lilikuwa na tangi kamili.

Bodil alirudi alasiri. Kwa kawaida tungekuwa tumeshakwenda nyumbani, lakini siku hiyo tulibaki, ingawa chupa ilikuwa tupu. Nikamuuliza Karen anaendeleaje.

— Ameniuliza mimi ni nani, akasema. Mara ya mwisho alinijua. Nimemwambia jina langu, akasema ni jina zuri.

Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Ni mara ya kwanza nimemwona akifanya hivyo. Nikamwambia Bodil kwamba Alhamisi ijayo wanasema kutakuwa na mvua, na kwamba ningeweza kumpeleka kwa gari, asubuhi, saa yoyote anayotaka.

Alivaa kofia yake ngumu, akafunga mkanda chini ya kidevu.

— Asante, Posta, akasema. Pikipiki yangu sasa inawaka.